Benchi la Nyuma

Siku meneja alipotupanga mstari ili aitafute sauti, mimi nilisimama karibu na mwisho, na sauti aliyokuwa akiitafuta ilikuwa yangu. Nilijua hivyo tangu asubuhi. Sikukimbia, wala sikujitokeza. Mama yangu alinilea nisiseme uongo; hakunilea nijibu swali ambalo sijaulizwa.

Lakini nianze na benchi, maana bila benchi haya mengine hayataeleweka.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Kitu cha mwisho alichokitengeneza kabla ugonjwa haujamlaza ni benchi refu la mbao nzito, ambalo mteja alilikataa, akasema ni refu mno kwa nyumba yoyote ya watu wenye akili. Likabaki sebuleni kwetu, limeegemea ukuta wa nyuma. Alipofariki, wanawake wa kikundi cha sala walikuja kunifariji, wakakaa hapo, wakazoea. Mpaka leo kila siku ya mapumziko, mchana, benchi linajaa: wajane, wake za watu, na wale ambao hata wenyewe hawajui waitweje kwa sababu mume yupo lakini hayupo.

Wakati ule shemeji yangu alikuwa anaitaka nyumba. Hakusema waziwazi, ila kila tulipokaa kusali alileta kiti chake akakiweka nje, chini ya dirisha, eti anapunga upepo. Sasa ningeombaje? Niseme, "Mungu niokoe na shemeji yangu," huku shemeji mwenyewe ametega sikio? Mwenzangu mmoja, mjane wa muuza mkaa, akaniambia, "Dada, ninong'oneze mimi. Nitalisema kama langu." Nikamnong'oneza. Naye akaona aibu, akamnong'oneza wa pembeni yake, wa pembeni akampa mwingine, likasafiri benchi zima, na aliyekaa mwisho akalisema kwa sauti: "Mimi nina shemeji anayeitaka nyumba yangu, na udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka."

Kule dirishani tukasikia kiti kinalia. Amkasirikie nani? Aliyesema hakuwa hata na shemeji. Akabeba kiti chake akaenda kupunga upepo kwake.

Tangu hapo tukawa na jina la jambo hilo: kubebeana. Tunajifunika vitambaa mpaka puani, tunafumba macho, tunabadilishana nafasi kabla ya kuanza. Mwenye mzigo anaunong'ona, mzigo unapita sikio kwa sikio, na wa mwisho anausema kwa "mimi", kana kwamba ni wake. Hakuna anayeuliza umetoka wapi. Hata harufu haisaidii, maana wengi wetu tunafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha dobi, na wote tunanuka sabuni ileile.

Na kuna desturi moja zaidi, ambayo ndiyo iliyotuponza. Mzigo ukishasemwa, tunamwombea aliyeusababisha. Hatumlaani. Tunamtaja kwa kazi yake, bila jina, na tunamwombea mema, kwa sababu Mungu hakutuambia tuwapende wale tu wanaotupa raha.

Habari ya simu aliileta mkwe wangu, mke wa mwanangu. Mwanangu ni dereva wa malori ya masafa, nyumbani anapita kama mgeni, kwa hiyo mkwe anaishi na mimi na kazini tunakwenda pamoja. Ni mtoto mpole. Ukimkaripia kuku, yeye ndiye anayelia.

"Mama," akaniambia siku moja, "haya tunayoyasema hapa yanaishia ukutani."

"Yanaishia kwa Mungu."

"Kwa Mungu yanafika, sikatai. Lakini meneja naye atasikilizia wapi?"

Ndipo akafungua ukurasa kwenye mtandao, akauita Benchi la Nyuma. Picha ilikuwa moja tu, ya benchi likiwa tupu. Mengine yote sauti. Aliyekaa mwisho akianza kusema, simu inawashwa. Akimaliza na maombi yamekwisha, inazimwa.

Sikutegemea mtu asikilize. Lakini wanawake wana masikio. Wauguzi walisikiliza, wauza mboga walisikiliza, na wanaume walisikiliza wakijifanya simu ni za wake zao. Ukipita sokoni unasikia, "Umesikiliza Benchi?" "Nimesikiliza, shoga. Yule mwenye nyumba anayekata maji, si ni yule wetu?" "Kila mtu anasema ni wake." Na kweli, baada ya hapo maji yalirudi kwenye nyumba ambazo sisi hatukuwa hata na habari nazo.

Sasa niseme habari ya mlango.

Kiwanda chetu kinafua mashuka ya mahoteli na ya hospitali. Kuna chumba cha kufulia, na ndani zaidi kuna chumba cha mashine za pasi: roli ndefu za moto, unalisha shuka lenye unyevu upande huu, mwenzako analipokea limenyooka upande ule. Mle ndani mvuke unakaa kama ukungu, pamba imetanda kila mahali, na nyaya zimechakaa kiasi kwamba fundi umeme akija huwa anazitazama kwanza na mikono yake ikiwa mfukoni. Mlango wa kuingilia ni mmoja. Mwingine uko nyuma, wa kutokea kukiwa na hatari, na huo ulifungwa kwa mnyororo.

Aliyeufunga ni msimamizi wetu, ambaye sisi tunamwita Kufuli. Hata sabuni ya kunawia mikono aliifungia kabatini. Alisema mashuka yanaibwa kupitia nyuma. Mkaguzi wa usalama akija, mnyororo unatolewa. Mkaguzi akiondoka, vumbi la gari lake halijatua, unarudishwa.

Siku mzigo huo ulipopita kwenye benchi, mimi ndiye niliyekaa mwisho. Ulinifikia kutoka kulia, pumzi ya moto kwenye kitambaa changu, na wakati huohuo kiwiko changu kikaguswa na tumbo. Kwenye benchi lile zima mwenye mimba alikuwa mmoja. Nikajua mkwe wangu ndiye aliyenipa. Nani alimpa yeye, sikujua. Nikafungua mdomo.

"Mimi nafanya kazi kwenye mvuke," nikasema, "na mlango wa nyuma umefungwa kwa mnyororo. Mkaguzi akija unafunguliwa, akienda unafungwa. Siku moto ukiwaka, tutazolewa kama majivu. Nimeshika mnyororo huo kwa mkono wangu, ni wa kweli."

Kisha tukaomba. "Tumwombee aliyeshika ufunguo. Mungu amlainishe moyo, na ampe usingizi mzuri."

Nafikiri habari ya majivu wakubwa wetu wangeivumilia. Kilichowachoma ni usingizi. Mji mzima ulilikamata neno lile. Kufuli akienda kununua mkate, muuzaji anamwuliza, "Bosi, umelalaje?" Akipanda gari, kondakta: "Mpisheni mzee akae, hajalala." Alikuja kazini macho mekundu, akatupigia kelele kwamba yeye analala vizuri sana, kuliko sisi sote. Mwanamke mwenzetu tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki, akamjibu, "Tunashukuru, bosi. Ina maana maombi yamejibiwa."

Ndipo ikatangazwa kanuni mpya ya mitandao. Kila ukurasa unaosema na watu wengi lazima uandikishwe, uwe na mmiliki mwenye jina na kitambulisho, na mmiliki huyo ajibu kwa kila neno. Usioandikishwa unafungwa, na mwenyewe akipatikana anashtakiwa. Meneja hakusubiri. Alipeleka malalamiko, na asubuhi moja akaja na afisa wa mitandao wa serikali, binti mwenye miwani, amebeba kompyuta ndogo na vipokea sauti vya kuziba masikio.

Meneja alikuwa na neno moja lililomtia wazimu: nimeshika mnyororo huo kwa mkono wangu. Mnyororo ule ulikuwa juu ya mlango, nyuma ya matenki ya dawa za kufulia, ambako wengi wetu hatukuwa tukiruhusiwa kufika. Kwa hiyo aliyesema ni mtu wa ndani, na yeye alitaka kumjua amfukuze, kisha amkabidhi kwa wenye sheria.

"Mtasimama mstari," akatuambia, amepanda juu ya toroli la mashuka ili tumwone. "Kila mmoja atakuja hapa mbele ya afisa aseme maneno yaleyale, na afisa atalinganisha na sauti ya kwenye simu. Asiye na hatia hana cha kuogopa."

Yule afisa akasema polepole, "Meneja, mimi ningewaita mmojammoja ofisini."

"Hapana. Hapahapa, waonane."

Redio akanyoosha mkono. "Bosi, tuseme yote au kipande?"

"Yote. Kama ilivyo. Mpaka mwisho."

"Na maombi?"

Watu wakacheka. Meneja akadhani anachekwa yeye. "Nimesema mpaka mwisho!"

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa kupanga taulo, mgeni kazini, hata kwenye benchi letu hajawahi kukaa. Alianza kwa sauti ndogo: "Mimi nafanya kazi kwenye mvuke, na mlango wa nyuma umefungwa kwa mnyororo." Nilimwona alipofika hapo anageuza shingo kutazama nyuma, kama mtu anayeambiwa kuna nyoka. Nadhani alikuwa hajui. Akaendelea mpaka kwenye majivu, na sauti ikawa imeshapata nguvu.

Wa pili akasema. Wa tatu akasema. Kila mmoja akimaliza anamgeukia Kufuli, aliyesimama pembeni na funguo zake kiunoni, anamwombea: Mungu amlainishe moyo, na ampe usingizi mzuri. Ikafika mahali wale waliokwisha kusema hawaondoki, wamesimama wanaitikia amina. Redio alipofika mbele hakusema, alihubiri. Aliyapiga maneno yale kwa mkono kifuani, "nimeshika, nimeshika mnyororo huo," mpaka meneja akamwambia, "Basi, basi, wewe siyo." Yeye akasema, "Sijamaliza, bosi. Ulisema mpaka mwisho."

Na katikati ya hayo, mtu wa boila, yule anayetuchemshia maji ya mvuke, akatoka kwake na mafuta mikononi, akaingia kwenye mstari.

"Wewe unatafuta nini hapa?" meneja akamwuliza. "Sauti ni ya mwanamke!"

"Sijasema ni yangu, bosi. Nataka kusema tu."

Nyuma yake wakaingia wapakiaji wa lori. Sijawahi kuona binadamu akiombewa kama Kufuli siku ile. Alikuwa ametazama chini, anazichezea zile funguo, na jasho linamtoka.

Nikaja mimi. Mkwe alikuwa mbele yangu, ameshasema yake na kupita, sasa amesimama ukutani kashika tumbo. Sikumtazama. Nilisema maneno yangu kama nilivyoyasema kwenye benchi, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuyasema. Afisa akainua uso. Akavua vipokea sauti, akavivaa tena, akasikiliza, akanitazama tena.

"Mama," akasema, "tuongee ofisini."

Ofisini tuliingia watatu: mimi, yeye na meneja. Meneja alifunga mlango. Nikasema, "Huo nao una mnyororo?" Hakupenda.

Afisa akageuza kompyuta, akanisikilizisha. "Hii sauti ni ya nani?"

"Yangu."

Meneja alikuwa ametarajia nikane; mdomo wake ulikuwa tayari umefunguka. Akaufunga.

"Kwa hiyo ukurasa ni wako," afisa akasema.

"Ukurasa si wangu. Sauti ndiyo yangu."

"Na maneno?"

"Si yangu. Nilibebeshwa."

Nikamweleza kubebeana, tangu shemeji na kiti chake. Alisikiliza vizuri, hata nilipofika kwenye dirisha alitabasamu kidogo, akakumbuka kazi. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu nilipoamka.

"Nani alikunong'oneza?"

Hapo nataka mnielewe. Wenzangu wote wangeulizwa hivyo wangesema "sijui", na lingekuwa kweli tupu. Ndiyo maana tunafumba macho. Lakini mimi nilikuwa na kile kiwiko. Nilijua. Nikimtaja mkwe, naye ataitwa kwenye kiti hiki, na kwa machozi yake yale atamtaja aliyempa, huyo atamtaja wa tatu, na watalikunja benchi lote kama mkeka mpaka wamfikie yule aliyeshika mnyororo kwa mkono wake. Na "sijui" ilikuwa pale, fupi, rahisi, imekaa kwenye ulimi. Nikaimeza.

"Namjua," nikasema. "Siwaambii."

Meneja akapiga meza. "Unasikia? Anajua!"

"Nimesema najua. Na nimesema siwaambii. Sikia yote mawili, bosi."

"Mama," meneja akageuza sauti, akaileta karibu kama ya mtoto anayeomba pesa ya peremende, "wewe ni mtu wa Mungu, umri umekwenda, hapa unaheshimika. Sisi hatukutaki wewe. Taja jina moja tu, kesho uko kwenye mashine yako kama kawaida."

"Na yeye atakuwa wapi?"

Akamtazama afisa.

Afisa akaegemea mbele. Sitaki kumfanya mbaya, kwa sababu hakuwa mbaya. "Mama, nikwambie kitu. Mdogo wangu aliandikwa kwenye ukurasa usio na jina. Uongo mtupu, na picha. Aliacha chuo. Mpaka leo hatoki ndani. Aliyemfanyia hivyo amejificha palepale mlipojificha ninyi. Ndiyo maana mimi nikaomba kazi hii."

Nilimwonea huruma kweli. Nikamwambia, "Pole, mwanangu. Pole sana. Huyo alisema uongo?"

"Uongo."

"Basi mtafute kwa uongo wake. Lakini kwanza si mlilitazama neno mkaona ni la uongo? Hili langu umelitazama? Mlango uko pale, hatua chache. Tangu asubuhi umesikiliza habari zake, hujauliza uko wapi."

"Mimi nashughulika na maneno, mama. Milango ina ofisi yake."

"Na ofisi ya milango ikija, mnyororo unatolewa."

Akavua miwani akaifuta. "Lakini kwa nini msiandikishe? Weka jina, sema unachotaka. Hakuna anayekukataza kusema. Kujificha ni kama uoga."

"Sadaka," nikamwuliza, "kwenu mnaitoaje? Mnanyanyua juu na kutangaza?"

"Tunatumbukiza."

"Kimyakimya?"

"Kimyakimya."

"Na hakuna anayemwita mtoaji mwoga. Sisi hatufichi neno, mwanangu. Neno tumeliweka juani, kila mtu alipige mawe akitaka. Tunachofunika ni mkono uliolitoa, usije ukakatwa. Yeye," nikamwonyesha meneja, "umemsikia. Hajasema hata mara moja kwamba mlango uko wazi. Anataka mkono tu."

Meneja akasimama. "Umefukuzwa. Sasa hivi. Toka."

"Asante kwa kazi," nikasema, na nilimaanisha, kwa maana ilinilishia watoto. "Jina hupati."

Afisa alikuwa anaandika, na nilipopita nyuma yake nikaona ameacha kuandika.

Nilipotoka kwenda kuchukua kikoba changu nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia mle kiwandani: kimya. Mashine zilikuwa zimezimwa. Wanawake wamesimama nje ya chumba cha pasi, mikono wameifunga kifuani, mashuka ya hospitali yamelundikana kwenye matoroli, na lori huko nje linapiga honi. Meneja akatoka mbio nyuma yangu.

"Nini hiki? Nani kawaambia mgome?"

Redio ndiye aliyejibu, na safari hii hakuwa na utani. "Hatujagoma, bosi. Umetuamuru tuseme, tumesema. Kila mmoja, kwa mdomo wake, mbele ya serikali. Sasa tukirudi mle ndani na mnyororo uko palepale, si tutaonekana sisi wenyewe tumejifungia?"

"Nitawafukuza wote!"

"Sawa. Utaanza na nani? Sauti zetu si unazo zote?"

Meneja aligeuka huku na huku akimtafuta mtu wa kumtisha. Hakumpata, maana hapakuwa tena na mtu mmoja. Alikuwa amewasemesha wote kwa amri yake mwenyewe, na neno ambalo jana lilikuwa la mtu asiyejulikana leo lilikuwa la kila mtu. Lori likapiga honi tena. Afisa alikuwa ametoka, amesimama mlangoni mwa ofisi na kompyuta yake kifuani, anatazama.

Kufuli ndiye aliyesogea kwanza. Hakuambiwa. Alipita katikati yetu, akaingia kwenye ule mvuke, tukasikia matenki yanasogezwa, kisha chuma kikaanguka sakafuni. Mwanga ukaingia chumba cha pasi kutoka upande ambao haujawahi kuingia. Alirudi na mnyororo ameuviringa mkononi kama mtu anayekusanya kamba ya kuanikia. Aliponifikia akasimama.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "sijalala tangu mniombee."

"Leo utalala," nikamwambia.

Mimi kazi sikurudishiwa. Msinisikitikie, nashona mapazia nyumbani, na macho bado yananisaidia. Mlango uko wazi, na mtu wa boila ameuchomelea kipande cha chuma ili hata mwenye mnyororo mwingine asipate pa kuupitishia. Ukurasa nao ulifungwa. Ukiutafuta sasa unakuta maandishi ya kijivu kwamba umeondolewa kwa kukosa mmiliki. Ni kweli, haukuwa na mmiliki. Hilo ndilo lililokuwa zuri lake.

Aliyeshika mnyororo kwa mkono wake nilikuja kumjua baadaye, bila kumwuliza. Alikuja mwenyewe kwangu akalia, tukasali. Simwandiki hapa. Nawe unayesoma usinitumie mtu kuniuliza.

Siku ya mapumziko iliyofuata benchi lilijaa mpaka likalia. Hata yule mgeni wa kupanga taulo alikuja. Tukajifunika, tukabadilishana nafasi, tukafumba macho. Miaka yote hiyo mimi nimebeba ya wenzangu. Langu la mwisho lilikuwa lile la shemeji. Siku hiyo nilinong'ona. Nikamwachia wa pembeni yangu, nikasikia linakwenda, kitambaa kwa kitambaa, linapungua sauti, mpaka sikulisikia tena. Nikasubiri.

Kule mwisho wa benchi mtu akavuta pumzi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo naijua kuliko yangu, kwa sababu hunisalimia kila asubuhi: "Mimi nilifukuzwa kazi kwa sababu nilikataa kumtaja mtu. Waliniuliza, nikasema namjua na siwaambii. Wakiniuliza tena nitasema hivyohivyo. Sijuti."

Haikutetemeka. Nilifungua jicho moja, Mungu anisamehe, nikamwona mkwe wangu amenyooka, kitambaa kimemshuka usoni, mkono mmoja juu ya tumbo na mwingine umeshika simu. Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka.

Nilitaka kumwambia azime. Sauti yake ile, mtu akiitafuta ataipata, na safari hii mtoto huyu hatakuwa na mama mkwe wa kumfichia jina. Alinitazama. Akatikisa kichwa kidogo tu, kunikataza, mimi mama mkwe wake, nyumbani kwangu.

"Tumwombee meneja," akaendelea, "na tumwombee binti wa mitandao na mdogo wake asiyetoka ndani. Mungu awafungulie milango."

"Amina," benchi likaitikia.

Maombi yalipokwisha akanigeukia, kidole kikiwa juu ya kioo cha simu. "Mama, simu inataka jina la ukurasa mpya."

Nikaiweka vizuri miwani yangu, nikalitazama lile benchi la marehemu, refu lisilo na akili, na wanawake waliolikalia wakiwa bado wamejifunika.

"Andika Benchi la Mbele," nikamwambia.